Wa Muda, Si wa Nusu

Ukisimama mlangoni pa wagonjwa wa nje katika hospitali yoyote ya Tarime ukaita "Chacha Mwita," watainuka watu wawili au watatu. Ukiita "Mwita Chacha" atainuka mwingine, na huenda ni mjomba wa yule wa kwanza. Ukivuka ua hadi wodi ya wazazi utawakuta kina Robi, Bhoke na Ghati wamelala kitanda kwa kitanda. Ndiyo majina yetu. Tumeyarithi kwa babu na bibi, tutawaachia wajukuu, nami nayapenda. Lakini kwa mtu ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba damu iliyopimwa kwa ajili ya Chacha mmoja haitundikwi kwa Chacha mwingine, majina hayo yanamtaka awe macho usiku na mchana. Jina peke yake halitoshi. Lazima uandike kijiji, kitongoji, umri, namba ya faili na jina la ndugu aliyemleta.

Mimi ni katibu wa afya. Daktari anamjua mgonjwa, muuguzi anajua maumivu yake. Katibu anatakiwa kujua gari la wagonjwa lina mafuta kiasi gani, nani yuko zamu ya usiku, mzigo wa dawa kutoka Bohari ya Dawa (MSD) umekuja kamili au umepungua, jenereta liliwashwa lini mara ya mwisho, na stooni yamebaki madaftari mangapi ya MTUHA, yale ya takwimu za afya. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi katika wilaya za Tarime na Serengeti. Katika vipindi fulani vya mwaka, mafunzo ya Jeshi la Akiba yanapofunguliwa, huwa naitwa, navaa kombati, na kuifanya kazi ileile chini ya hema: kupokea kuruta wanaopimwa afya, kuandika orodha, kutunza dawa na kutafuta usafiri wa anayezidiwa. Kipindi kikiisha navua kombati na kurudi ofisini.

Mama yangu aliponiona nimevaa hivyo mara ya kwanza aliniambia, "Mwanangu, mshika mawili moja humponyoka." Nimekaa na maneno hayo miaka yote hii. Nimeyageuza huku na huku, na naandika kwa sababu naamini nimepata jibu ambalo linaweza kumfaa mtu mwingine mwenye kazi mbili.

Jeshi la Akiba, ambalo wengi wetu tunaliita mgambo, halikuzaliwa kwa bahati mbaya. Januari 1971 Idi Amin aliipindua serikali ya Uganda, na mwezi uliofuata chama cha TANU kilitoa Mwongozo wake. Humo ilielezwa wazi kwamba ulinzi wa taifa hauwezi kuachiwa askari wa kudumu peke yao, na kwamba wananchi wenyewe wafundishwe. Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipovuka mpaka na kuikalia ardhi ya Kagera, ukweli wa wazo hilo ulipimwa. Kwa miezi michache jeshi liliongezeka mara kadhaa, na makumi ya maelfu ya walioongezeka walikuwa mgambo, wakulima, wafugaji na walimu waliokuwa wamefundishwa kisha wakarudi makwao. Aprili 1979 Kampala ilianguka. Sisi wa mkoa wa Mara tuna sehemu yetu katika habari hiyo. Rais aliyetangaza vita, Mwalimu Nyerere, alikuwa mtu wa Butiama, na Jenerali David Musuguri, aliyekuwa miongoni mwa makamanda wakuu wa vita hiyo na mwaka 1980 akawa Mkuu wa Majeshi, alitoka Butiama vilevile. Tarime ukipita boma kwa boma hukosi mzee aliyefika Uganda kwa miguu, au kaburi la aliyerudi akiwa mgonjwa.

Mafunzo ya leo yanaendeshwa katika kata zetu na wakufunzi wa Jeshi la Wananchi (JWTZ) chini ya Mshauri wa Mgambo wa wilaya. Kijana hujifunza kwata, silaha, usomaji wa ramani, uraia, sheria, ujanja wa porini na huduma ya kwanza. Mkuu wa wilaya huja siku ya kufunga, wazazi hukaa kwenye maturubai, gwaride hupita, na kesho yake kijana amerudi kwenye bodaboda au shamba la mihogo. Hiyo ndiyo maana ya akiba: mtu ana kazi yake, na taifa lina ahadi yake.

Kazi yangu kambini huanza kabla ya kwata. Kuruta hupanga mstari alfajiri, kila mmoja na cheti chake mkononi. Tunapima uzito, urefu na presha, tunauliza habari za kifafa, pumu, mshono wa zamani, ujauzito. Kwa wiki za mwanzo maradhi ni yaleyale: malaria waliyokuja nayo, malengelenge ya miguuni kwa sababu ya viatu vipya, na kuhara pale ambapo choo kimechimbwa karibu na maji au pipa la kunywea limeachwa wazi. Nimejifunza kukagua choo na pipa kabla ya kukagua sanduku la dawa. Sanduku la dawa hutibu wachache, pipa lenye mfuniko huwakinga wote.

Kuna hali moja ambayo hujirudia karibu kila asubuhi, nami nataka kuieleza kwa ukaribu kwa kuwa ndani yake mna mambo yote ninayotaka kusema. Baada ya mchakamchaka mkufunzi huja hemani kuchukua hesabu. Anahitaji kujua nguvu ya kombania yake kwa siku hiyo, na ni nani wamepewa ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzishwa kazi.

"Afande, saba hawatakimbia leo."

"Wana nini?"

"Wamepewa ED, afande. Wanne hadi kesho, watatu hadi Ijumaa."

"Nimekuuliza wana nini."

"Ninachoweza kukupa ni majina na siku, afande. Ugonjwa uko kwenye daftari la daktari."

Wapo wanaokasirika. Wengi hunyamaza kidogo, kisha husema "sawa" na kwenda zao. Mkufunzi ana haki ya kujua ni nani asimpandishe mlima. Hana haki ya kujua kwamba binti wa mstari wa pili ni mjamzito, wala kwamba kijana anayeimba kwa sauti kubwa kuliko wote anakunywa dawa za kila siku ambazo hajawahi kumwambia hata baba yake. Hapo ndipo mpaka ulipo: kamanda anapata hesabu, daktari anapata siri, na katibu aliyesimama kati yao anailinda hesabu isiivue siri nguo.

Mtu anaweza kudhani haya ni mambo madogo ya makaratasi. Historia ya nchi hizi inasema vingine. Vita Kuu ya Kwanza ilifika mpaka kwetu. Mwaka 1917 kikosi cha Kijerumani kilichoongozwa na Heinrich Naumann kilizunguka nchi hadi kikaifikia ngome ya Ikoma, hapa Serengeti. Lakini waliobeba uzito wa vita hiyo Afrika Mashariki hawakuwa wenye bunduki. Walikuwa wapagazi, mamia ya maelfu, na Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi bado zinalibeba jina la kikosi chao. Walikufa wengi kupita kiasi, na risasi iliua wachache tu kati yao. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa. Mtu aliyezoea ndizi na maziwa alipewa unga wa mahindi bila sufuria ya kutosha wala muda wa kuupika ukaiva, kisha akabebeshwa mzigo akiwa na tumbo linalotoka damu. Kuhesabu sufuria, kuni na maji ilikuwa kazi ya utawala, na palipokosekana mtu wa kuifanya kwa moyo, watu walikufa.

Kuna jambo linaloniuma zaidi katika habari hiyo. Baada ya vita, ujira wa wapagazi wengi waliokufa haukufika nyumbani kwao. Majina yalikuwa yameandikwa vibaya, au jina moja limewekwa kwa watu wengi, au kijiji hakikuandikwa kabisa. Fedha zilibaki serikalini, na wajane walikaa wakisubiri habari ambayo hakuna daftari lililoweza kuitoa. Ninapomuuliza mgonjwa kwa mara ya tatu, "Chacha Mwita wa kitongoji gani, baba?" na ndugu zake wakaona ninawachelewesha, huwa nawafikiria wale wajane. Mtu asiyeandikwa vizuri hupotea mara mbili, anapokufa na pale nyumbani wanapomtafuta.

Sasa nirudi kwa methali ya mama. Jibu langu nilianza kulipata mahali nisipopatarajia, katika Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu imefungwa nayo tangu 1962. Mkataba wa kwanza, ibara ya 24, unataka waheshimiwe na kulindwa katika hali zote wale ambao kazi yao pekee ni kuwatafuta, kuwabeba na kuwatibu majeruhi. Pamoja nao unawataja wale ambao kazi yao pekee ni utawala wa vituo vya tiba. Niliposoma mstari huo nilisimama. Mtu wa daftari na stoo amewekwa sentensi moja na daktari wa upasuaji. Walioandika mkataba huo walikuwa wametoka katika vita iliyoua mamilioni, na walijua kwamba hospitali isiyo na mtu wa kuhesabu chupa za damu ni jengo tu.

Ibara ya 25 inawahusu askari walio wahudumu wa muda, yaani waliofundishwa kusaidia kama wahudumu, wauguzi au wabeba machela haja ikitokea. Hao nao wanalindwa, lakini kwa sharti: wawe wanaifanya kazi hiyo pale wanapokutana na adui. Mtu wa utawala wa muda hakutajwa humo. Pengo hilo lilizibwa na Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya mwaka 1977, ambayo Tanzania ilijiunga nayo mwaka 1983. Itifaki inamkubali mhudumu wa tiba au wa utawala wa tiba awe wa kudumu au wa muda, mradi katika kipindi chake chote cha muda asifanye jambo jingine lolote. Kiwe cha mwezi au cha siku moja, ndani ya kipindi hicho uwe mtu wa tiba mzima. Ukichukua bunduki kushambulia huku umejifunika alama ya msalaba mwekundu, umejiondolea ulinzi, na ubaya zaidi, umeuhatarisha ulinzi wa kila mwenye alama hiyo baada yako.

Hapo ndipo nilipoielewa methali. Mama alisema kweli: anayeshika mawili kwa wakati mmoja, moja litamponyoka. Sheria nayo haikatazi mtu kuwa na kazi mbili. Inamkataza kuzichanganya. Mtu anaweza kuwa wa muda. Hawezi kuwa wa nusu.

Tarime inalijaribu fundisho hilo kuliko mahali pengi ninapopajua. Hapa sare inapendwa. Mzazi wa Kikurya ambaye mwanawe ameingia jeshini hutembea kifua mbele sokoni. Sare hiyohiyo inaogopwa pia. Kuna kijana mwenye jeraha la panga ambaye atapita dirishani akaenda kufia porini endapo ataona kombati kwenye korido. Tuna ugomvi wa ng'ombe na wa mipaka ya ardhi ambao umezigonganisha koo kwa vizazi: Wanchari na Warenchoka, Wakira na Wanyabasi, na wengine kwa zamu zao. Yanapotokea mapigano, majeruhi wa pande zote mbili huletwa hospitali moja, kwa pikipiki zilezile, na pengine hulazwa wodi moja kwa sababu wodi ya upasuaji ya wanaume ni moja.

Daftari la wagonjwa halina safu ya ukoo. Lina tarehe, namba, jina, umri, jinsi, mahali anapoishi, ugonjwa na matibabu. Huko kwetu, hata hivyo, kijiji kinatosha kumwambia msomaji ukoo, kwa hiyo daftari lililoachwa wazi mezani usiku wa mapigano ni hatari kama kisu. Ndiyo maana usiku kama huo daftari hukaa kwa mtu mmoja, na kabati hufungwa. Ndiyo maana pia nasimamia kwamba anayevuja damu huingizwa ndani kwanza, na fomu ya PF3 ya polisi inafuata akishapumua. Fomu ni ya haki, na haki ina maana kwa aliye hai.

Usiku mmoja wa aina hiyo alikuja getini mwenzangu tuliyekuwa naye kambini, mkubwa kuliko mimi kwa umri, mtu niliyelala naye hema moja na kula naye sufuria moja. Mpwa wake alikuwa ameumizwa na alikuwa ndani, anatibiwa. Lakini hakuja kumuulizia mpwa.

"Katibu," alisema, "niambie tu, wa upande wa pili wameletwa wangapi, na wamelala wapi?"

"Mpwa wako anaendelea vizuri, tata. Nitakupeleka umwone."

"Wewe ni mwenzetu. Tumeapa pamoja."

"Tuliapa kulinda raia. Waliomo humu ndani wote ni raia, na usiku huu mimi ni katibu."

Alinitazama kwa muda mrefu, akageuka, akaondoka kwa hasira hata bila kumwona mpwa wake. Sikumfuata kumbembeleza. Naamini nilikitimiza kile kiapo alichonikumbusha kuliko siku yoyote niliyopiga saluti.

Kwa hiyo nimejiwekea mipaka ambayo sikutungiwa na mkubwa yeyote. Kombati haziingii wodini, hata kama nimetoka moja kwa moja kambini; nabadilisha kwanza. Ninayoyasikia wodini hayaendi kambini. Ninayoyaona kambini kuhusu ulinzi hayaletwi kwenye kikao cha asubuhi cha hospitali. Simu inayoniita mara mbili kwa wakati mmoja naijibu kwa kumtaja mkubwa mmoja tu, yule ambaye niko chini yake siku hiyo, na mwingine namwambia wazi kwamba leo sipatikani. Inagharimu. Inakufanya uonekane mgumu kwa marafiki na mzito kwa wakubwa.

Lakini yapo mambo yanayofaa kuvuka mpaka huo, na hayo nayavusha kwa mikono miwili. Kutoka kambini nimepeleka hospitali desturi ya kukabidhiana lindo. Anayetoka na anayeingia wanasimama pamoja kitanda kwa kitanda, wanataja kwa sauti aliyepo, aliyetoka, kilichobaki na kilichokwisha, kisha wote wawili wanatia saini. Zamu za usiku zina makosa machache pale makabidhiano yanapofanywa hivyo. Kutoka hospitali nimepeleka kambini siri ya mgonjwa, choo kinachostahili binadamu, na uchangiaji wa damu. Vijana wenye afya waliopangwa mstari ni neema kwa benki ya damu, mradi kila mmoja aulizwe faraghani kama anataka, na anayekataa asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

Tukitazama vizuri, huduma zetu zimebebwa na watu wa muda. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wana mashamba yao. Madereva wa jamii wanaompeleka mama mjamzito hospitali kupitia mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama, mtu anapopiga 115, mchana walikuwa wanabeba abiria. Katika vijiji vya Serengeti vinavyopakana na hifadhi, wa kwanza kumfikia mtu aliyekanyagwa na tembo mara nyingi ni mgambo aliyekuwa shambani, na kama alisikiliza somo la huduma ya kwanza, damu itazuiwa kabla gari la wagonjwa halijatoka mjini Mugumu. Mataifa makubwa nayo yanawategemea watu wa namna hii. Marekani ina kikosi kizima cha maofisa wa utawala wa tiba jeshini, Medical Service Corps, tangu mwaka 1947, na katika akiba yao mtu wa hospitali ya kiraia hutumikia wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Wao wameliwekea jambo hilo mfumo na mafunzo. Sisi mara nyingi tunaliacha kwenye hiari ya mtu mmoja mwenye moyo.

Nawaomba wanaopanga mafunzo ya Jeshi la Akiba katika wilaya zetu waongeze somo moja, baada ya huduma ya kwanza: namna ya kumwandika majeruhi. Jina lake, la baba yake, kitongoji, saa aliyoumia, alichopewa, nani amempokea. Ni somo la asubuhi moja, halihitaji zaidi ya kalamu na daftari, na siku ya maafa ndilo litakalowarudisha watu kwa ndugu zao. Pamoja nalo wafundishwe kwamba wodi haina adui.

Nawe msomaji uliyebeba kazi mbili, mwalimu ambaye ni mgambo, muuguzi ambaye ni diwani, mhasibu ambaye ni mzee wa kanisa, usikubali mtu akwambie kwamba haiwezekani. Inawezekana, kwa sharti moja. Kila utakapoketi, keti mzima. Ajue aliye mbele yako kwamba saa hiyo una mkubwa mmoja, kazi moja na siri moja. Siku utakapoanza kutumia kiti kimoja kulipia deni la kiti kingine, acha kimojawapo siku hiyohiyo.